Kati ya Ghorofa ya Pili na ya Tatu

Siku aliyoalikwa chakula cha mchana nyumbani kwa Tajiri, Subiri alinyolewa ndevu mara mbili. Mara ya kwanza alijinyoa mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni. Mara ya pili mkewe alimkalisha kwenye kiti cha jikoni, akamwinua kidevu kwa vidole viwili, akaondoa mabaki yote aliyoyasahau chini ya taya. Alitumia nafasi hiyo kumpa maagizo, kwa kuwa mtu mwenye wembe shingoni hajibu. Ale taratibu. Asisifu kila anachokiona. Akikuta bomba linavuja au mlango unalia afumbe macho, kwa maana hakuitwa kama fundi. Na asirudi bila neno juu ya barua.

Barua yenyewe ilikuwa ya kijana wao wa mwisho. Alikuwa fundi wa lifti kama baba yake, na kwa miezi kumi sasa alikuwa akifanya kazi kwa majaribio katika kampuni ya Tajiri. Majaribio yalitakiwa yawe ya miezi sita. Kila mwisho wa mwezi mama yake alimwuliza kama barua ya kuthibitishwa kazini imetoka, na kila mwisho wa mwezi kijana aliangalia sahani yake na kusema bado. Mke wa kijana alikuwa na mimba ya miezi saba. Wawili hao walilala sebuleni kwa wazee, nyuma ya kabati la nguo lililofanywa ukuta, na usingizi wao ulijulikana na kila mtu nyumbani kama taarifa ya habari. Kwa hiyo mwaliko ulipokuja, watu wazima wote wanne walikubaliana kwamba hauna maana nyingine. Tajiri alitaka kumpa rafiki yake ile barua mkono kwa mkono, kiungwana.

Subiri na Tajiri hayakuwa majina yao ya kuzaliwa. Subiri aliitwa hivyo na mafundi wenzake kwa sababu katika miaka thelathini na minane ya kutengeneza lifti hakuwahi kuiruhusu hata moja iondoke kabla hajasema "subiri", akainamisha sikio, akasikiliza, ndipo aseme "haya". Tajiri naye alipewa jina lake kwa dhihaka. Walipokuwa wanafunzi wa kazi yeye ndiye aliyekuwa hohehahe kuliko wote, lakini hakuna siku alikuja bila kupiga pasi ovaroli yake. Wakamwita Tajiri na kucheka. Miaka ikapita, dhihaka ikageuka kuwa kweli, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba radhi.

Tajiri aliacha kazi ya kushika spana akiwa na miaka thelathini na mitatu, akafungua kampuni ya kuagiza na kufunga lifti. Subiri alibaki na spana mpaka alipostaafu, na baada ya hapo alipewa leseni ya ukaguzi. Lifti ya jengo la watu wengi haikuruhusiwa kupandisha mtu mpaka mmoja wa wenye leseni aikague na kutia saini yake. Katika mji mzima walikuwa watatu tu, na wa kwanza alikuwa mgonjwa, wa pili alikuwa safarini. Subiri hakuliweka hilo kichwani siku ile. Alikuwa anafikiria barua.

Geti lilifunguka lenyewe, likasogea pembeni bila mtu kulisukuma. Mlangoni mama mmoja wa makamo aliyevaa sare ya kijivu alimpokea, akamwomba viatu vyake, akampa ndara nyeupe laini. Viatu vikaondoka. Subiri aliviangalia vikienda mkononi mwa yule mama hadi kwenye chumba kidogo ambacho ndani yake hamkuwa na kitu kingine ila viatu, vimepangwa kwenye rafu kuanzia sakafuni hadi dari, kila jozi na taa yake. Viatu vyake vya soli iliyobandikwa vikapata taa pia.

Kochi alilokaribishwa lilimmeza. Alipojaribu kukaa wima lilimrudisha nyuma, alipojaribu kuinuka miguu ilining'inia kama ya mtoto. Akaamua kutulia na kutazama. Mapazia yalijifunga jua lilipofika dirishani. Kulikuwa na jokofu la vinywaji tu, na nyuma ya kioo aliona majiko mawili: moja la kung'aa lisilo na hata sufuria, na jingine nyuma yake ambamo watu wawili walikuwa wanapika kwelikweli. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Kwake, mtu akipiga chafya, pole zinatoka vyumba vyote, na nyingine kwa jirani.

Alipoomba kwenda msalani alionyeshwa ukuta. Ukuta ukafunguka. Kuingia kulikuwa rahisi, ila kutoka kulimtoa jasho, kwa sababu mlango haukuwa na kitasa wala komeo, na upande wa ndani ulifanana na kuta nyingine tatu. Alisukuma wa kwanza, akasukuma wa pili. Mtu aliyefungua milango ya lifti kwa mikono yake nchi nzima akajikuta anapapasa vigae kama kipofu, mpaka sauti ya yule mama wa sare ikasema kwa upole kutoka nje, "Mzee, pitisha kiganja mbele ya hiyo taa ya bluu." Alipotoka alimshukuru, naye akainamisha uso kuficha kicheko na kusema kwamba wageni wote hukwama humo.

Tajiri alishuka akiwa amefungua mikono. Alikuwa amenenepa na nywele zake zilikuwa nyeusi kupita umri wake. Alimkumbatia Subiri kwa nguvu, akamnusa begani, akasema bado ananuka grisi, kwa furaha ya kweli. Mezani walikuwa watatu pamoja na mke wa Tajiri, ambaye alimwita Subiri shemeji, akamuuliza habari za nyumbani, na kabla hajajibiwa akachukua simu kumwandikia mjukuu aliyekuwa chumbani juu kwamba ashuke kula. Mjukuu akajibu kwa maandishi kwamba ameshakula. Mke wa Tajiri akaonyesha jibu lile kwa mumewe bila kusema, wote wawili wakaendelea na kuku wa kuoka.

Subiri alikula taratibu, kama alivyoagizwa. Alisubiri barua itajwe. Zikatajwa safari, likatajwa goti la Tajiri, ikatajwa siku ile ya zamani ubao ulipoteleza ndani ya shimo la lifti na Subiri akabaki ananing'inia, Tajiri amemshika mkanda wa suruali kwa dakika nzima mpaka wenzao walipofika. Tajiri aliisimulia vizuri kuliko ilivyotokea. Mkewe alikwisha kuisikia, akaaga na kwenda kupumzika.

"Twende juu," Tajiri akasema, akifuta midomo. "Kuna mtu barazani nataka akuone."

Mtu huyo, alieleza wakitembea, alikuwa mganga mkuu wa ile hospitali kubwa iliyojengewa jengo jipya. Jengo lingefunguliwa Jumatano. Lifti zake nne zilifungwa na kampuni ya Tajiri. Mama huyo alikuwa na shughuli nyingi, amekuja kwa nusu saa tu, kuchukua karatasi moja na kuondoka.

Subiri akahisi ndara zimekuwa nzito. Lakini lifti ya nyumba ilikuwa imeshafika, milango ikafunguka, naye akaingia, maana mtu akitanguliwa na mwenyeji huingia.

Ilikuwa lifti nzuri, ya watu wanne, na vioo pande zote. Tajiri alibonyeza tatu, kisha akatoa kwapani jalada la plastiki alilokuwa nalo tangu mezani, na ambalo Subiri alikuwa amelitazama kwa matumaini muda wote wa chakula. Ndani yake hamkuwa na barua ya kijana. Mlikuwa na vyeti vinne vya ukaguzi, vimejazwa kila kitu kwa mashine, tarehe na vipimo, na mahali pa saini pakiwa wazi.

"Sijaziona hizo lifti," Subiri akasema.

"Unaiona hii. Ni zilezile, kiwanda kimoja, muundo mmoja. Mke wangu anaipanda. Wajukuu zangu wanaipanda."

Lifti ikasimama ghorofa ya pili. Mfanyakazi aliyekuwa ameiita, akiwa na sinia la matunda, alipomwona bosi alirudi nyuma na kuomba radhi. Milango ikabaki wazi kwa muda, na Subiri, ambaye macho yake hushuka sakafuni yenyewe kila mlango wa lifti unapofunguka, akaona kwamba sakafu ya lifti ilikuwa imepita sakafu ya nyumba kwa vidole vitatu. Mtu angeweza kujikwaa hapo. Milango ikajifunga. Lifti ikaanza kupanda, na juu ya kichwa chake akasikia kitu kikisuguana, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Hapo alifanya kosa ambalo fundi wa zamani tu angeweza kulifanya. Kwa miaka thelathini na minane mkono wake ulifundishwa kwamba sikio likikataa, mashine isimame kwanza, maswali baadaye. Bila kufikiri akabonyeza kitufe chekundu. Katika lifti za enzi zake ungekibonyeza, ukasikiliza, ukakivuta tena na safari ikaendelea. Hii ilisita, ikateleza kidogo, ikasimama. Alipokivuta kitufe, hakikurudi. Kwenye kioo kidogo ambapo palikuwa na namba pakatokea mistari miwili.

"Umefanya nini?" Tajiri akauliza.

"Nimeisimamisha."

"Hicho hakibonyezwi siku hizi, ndugu yangu. Ukikibonyeza inajifunga mpaka fundi aje kuifungua kule juu."

Walisimama wakitazamana, na vioo vikawazidisha, wazee wengi kila upande, nusu yao na ndara. Subiri akaona kengele chini ya vitufe na kunyoosha kidole. Tajiri akaukamata mkono wake. Kengele ile inasikika nyumba nzima, alisema. Mganga mkuu yuko mita kumi kutoka hapa, ameketi barazani na kikombe cha chai. Atakuja kusimama nje ya mlango huo na kusikia kwamba mwenye kampuni ya lifti amekwama ndani ya lifti yake, siku tatu kabla ya ufunguzi. Alitoa simu, akaandika kwa fundi wa zamu aje kimya kimya kwa ngazi za nyuma, kisha akamwandikia mgeni wake kwamba amepata dharura ndogo.

Fundi wa zamu Jumapili ile alikuwa kijana wa Subiri. Tajiri aliyasema hayo akitazama chini, kama mtu aliyegundua kwamba amevaa soksi zisizofanana.

Kwa robo saa ya kwanza hawakuzungumza jambo la maana. Joto likapanda. Tajiri akafungua vifungo vya shati, akakaa sakafuni na kunyoosha goti lake bovu, Subiri naye akakaa, na miguu yao minne ikajaza nafasi yote. Kisha Tajiri akatoa kalamu na kuiweka juu ya jalada, kati yao.

Alisema kwa sauti ya chini, na hakutisha hata kidogo, jambo ambalo Subiri alilikumbuka baadaye kama lililomuumiza zaidi. Alisema barua ya kijana iko mezani kwake, imechapwa, anaitia saini kesho asubuhi. Alisema mkaguzi mmoja ni mgonjwa na mwingine hayupo, na hana wa kumkimbilia ila mtu aliyekula naye mkate mmoja. Alisema hakupenda kukumbusha, lakini siku ile ya ubao mkono wake ulikaribia kung'oka begani na hakuuachia mkanda.

"Hizo nne zina nini?" Subiri akauliza.

"Hazina kitu."

"Hii imepita sakafu vidole vitatu."

"Hii ya nyumbani imechoka. Zile ni mpya."

"Sasa hivi umesema ni zilezile."

Tajiri akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa yule wa zamani, mwenye ovaroli ya pasi. Breki, akasema. Kiwanda kimetuma breki hafifu. Nyingine ziko njiani, wiki tatu, labda nne. Mafundi wake watabadilisha moja baada ya nyingine, usiku, hakuna atakayejua, na hakuna atakayeumia, kwa maana wiki tatu ni nini katika maisha ya lifti. Subiri akajibu kwamba basi wafungue baada ya wiki tatu. Tajiri akasema ameshatoa neno lake, na kwamba Subiri hajui ilivyo mtu akiwa juu na kila mtu akisubiri ateleze.

Subiri aliitazama kalamu. Alikuwa anakiona kitanda cha magurudumu, mgonjwa juu yake, nusu kimeingia kwenye lifti na nusu kiko nje, muuguzi anasukuma, na sakafu, kwa breki isiyoshika, inaanza kupanda yenyewe. Halafu akaliona kabati la nguo lililofanywa ukuta, na nyuma yake mkwe wake anajigeuza polepole ili kitanda kisilie. Picha hizo mbili zilikuja zikifuatana, na kila moja ilipofika ilimfukuza mwenzake. Alijiuliza pia swali ambalo hakutaka kumwuliza mtu: je, kama sikio lake ndilo limezeeka? Mkewe husema televisheni inasikika hadi barabarani. Labda ule msuguano ulikuwa wa kawaida wa lifti za siku hizi. Akachukua kalamu. Akaishika tu.

Juu ya vichwa vyao mlango wa ghorofa ya tatu ukalia, ukafunguka upana wa kiganja, na mwanga ukaingia.

"Baba? Ni wewe uliyebonyeza chekundu?"

"Ni mimi."

Kijana akacheka kidogo kwa pua, kicheko cha fundi kwa fundi. Akasema wasisogee, watakaa dakika kumi zaidi, anaenda kulegeza breki kwa mkono na kuwashusha hadi ya pili.

"Ngoja kwanza," Subiri akasema. "Nikuulize kitu. Zile nne za hospitali umezipanda?"

"Nimezipanda. Mimi ndiye niliyezifunga, na wenzangu."

"Zinasimama vizuri?"

Tajiri hakuinua kichwa, lakini kijana alijua yuko humo, kwa sababu ndiye aliyemwita. Subiri aliinua uso kuelekea ule mwanga. Hakuona mtu, aliona vidole vinne tu vimeshika ukingo wa mlango.

"Ziko sawa, Baba," sauti ikasema. "Saini tu."

Kijana huyu akiwa na miaka saba aliwahi kuvunja redio na kusema kwamba ilivunjika yenyewe. Alisema hivyo kwa sauti hii hii, nyembamba na iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka. Subiri hakuhitaji sikio zuri ili kuijua. Shaka yote aliyokuwa nayo juu ya masikio yake ikaisha pale, na mahali pake pakaja kitu kibaya zaidi, kwa maana sasa akikataa atakuwa amemkana mwanawe mbele ya bosi wake, na akikubali watakuwa waongo wawili wa ukoo mmoja. Hakukuwa na upande wa kuegemea. Kila alikogeuka alijiona kwenye kioo ameshika kalamu ya mtu.

"Umesikia mwenyewe," Tajiri akasema taratibu.

Lifti ikashuka kwa mitetemo, sentimita kwa sentimita. Walikuwa wamekaa humo dakika arobaini. Milango ilipofunguliwa ghorofa ya pili, kijana alikuwa tayari ameshuka na amesimama pale na spana mkononi, macho kwenye viatu vya bosi. Tajiri alifunga vifungo, akapitisha kiganja kichwani, akawa mwenye nyumba tena. Wakapanda ngazi wote watatu, kijana nyuma kwa kuwa alihitaji kurudi kwenye chumba cha mashine.

Mganga mkuu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kusomea iliyosukumwa juu ya nywele. Alisimama kumpa Subiri mkono, akasema amesikia sifa zake, kwamba ni mtu asiyetia saini hovyo. Kisha akaangalia saa yake, akaangalia jalada.

"Kwa hiyo umeziona lifti zetu, Mzee?"

Tajiri alikuwa ameshikilia tabasamu kama mtu anayeshikilia mlango. Kijana alisimama kwenye ngazi na hakuendelea kupanda.

"Sijaziona," Subiri akasema. "Nitaziona kesho saa mbili asubuhi. Zote nne."

"Mimi nilidhani zimeshakaguliwa."

"Na mimi nilidhani nimekuja kula."

Mama yule hakucheka. Alishusha miwani machoni, akatoa vile vyeti kwenye jalada na kuvisoma kimoja kimoja, vipimo vyote vilivyojazwa, na pale chini palipokuwa wazi. Alimtazama Tajiri kwa muda mrefu. Mwishowe akasema kesho saa mbili ni sawa, na mpaka hapo mtu yeyote asizipande. Subiri aliweka kalamu juu ya meza, karibu na kikombe cha chai kilichopoa, akashukuru kwa chakula. Tajiri hakumsindikiza. Kijana naye alikuwa ameshapanda kwenye chumba cha mashine na kufunga mlango.

Nyumbani mkewe alisoma jibu usoni mwake kabla hajauliza. Subiri alimsimulia yote, isipokuwa yale kijana aliyoyasema mlangoni. Mkewe alisikiliza huku akikunja nguo, akakunja shati moja mara tatu.

"Basi nimekunyoa bure," akasema.

Kijana alirudi jioni, akala kwa kusimama, akaenda nyuma ya kabati. Nyumba nzima ilisikia kwamba hakulala.

Kesho yake kampuni ilimtuma msimamizi pamoja na fundi mmoja wa kumsaidia mkaguzi, kama utaratibu unavyotaka. Fundi aliyechaguliwa alikuwa kijana wa Subiri. Aliyemchagua alikuwa amelifikiria vizuri. Katika kipimo cha breki mkaguzi hupanda juu ya paa la lifti, ndani ya shimo, akiwa na tochi na kisanduku cha vitufe, aiendeshe na kuisimamisha huku akisikiliza. Fundi hubaki mlangoni na rula, na lifti ikisimama hupima imepita alama kwa kiasi gani, akaitaja namba kwa sauti. Mkaguzi aliye gizani haioni rula. Anaandika anachoambiwa. Kitabu cha lifti zile kiliruhusu sentimita mbili.

Baba na mwana walisalimiana kama watu wa idara mbili. Tangu hapo walisema maneno ya kazi tu. Nakuja. Simama. Ngapi? Lifti ya kwanza ilisimama safi, na kijana akataja moja na nusu. Ya pili akataja mbili kamili, na Subiri alisikia kwamba ni mbili kweli. Wakahamia ya tatu.

Shimo lilikuwa na joto na harufu ya grisi mpya. Subiri alichuchumaa juu ya paa, kamba za chuma zikipita karibu na bega lake, ukuta ukiwa mkono mmoja kila upande. Akabonyeza kushuka. Akahesabu moyoni, akaachia. Juu yake breki ikasaga meno, lifti ikaendelea kushuka, kidogo, kidogo tena, ndipo ikasimama. Kwa kukadiria aliona ni sentimita nne, labda tano.

"Ngapi?" akaita.

Kupitia upenyo wa mlango aliona viatu vyeusi vya msimamizi, vimesogea karibu kabisa na magoti ya kijana aliyepiga goti na rula. Msimamizi alisema jambo kwa sauti ya chini. Subiri hakulisikia, na hakujaribu kulisikia. Aliushika ubao wake wa kuandikia, akaelekeza tochi kwenye karatasi.

"Ngapi, mwanangu?"

"Saba," kijana akasema.

"Sema tena."

"Saba, Baba. Andika saba." Rula ikagonga sakafu. "Na ya nne usiipande peke yako. Ile ni mbaya kuliko hii. Shuka, nangoja hapa mlangoni."